Kichwa cha Mtu Katikati ya Sahani

Nyumba za Walimu Wastaafu,
Ghorofa ya nne,
Guangzhou, Uchina.

11 Novemba 1998

Mpendwa ndugu yangu Kazija,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Ni mwezi kama huu, mwaka 1965, nilipopanda ndege kuja Uchina, na sasa imetimia miaka thelathini na mitatu. Mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili.

Hujambo mdogo wangu? Goti lako vipi siku hizi, na ile dawa ya kuchua niliyompa mwanao Ussi akuletee, imekufaa au umeigawa kwa majirani kama kawaida yako? Swalha hajambo, na mwanawe Dalila ameanza skuli? Mwambie mama yake asimlazimishe mkono wa kulia kama mwenyewe anapenda kuandikia wa kushoto. Mimi nililazimishwa, na hati yangu unaiona ilivyo mpaka leo.

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Kifua hunibana kidogo baridi ikianza, ila baridi ya huku kusini si kitu mbele ya ile ya Beijing. Tangu marehemu mke wangu atangulie, wanafunzi wangu wa zamani hupita kunijulia hali, na Ijumaa nakwenda msikitini kwa miguu. Halua uliyonitumia ilifika imebanwa na mizigo mingine, ikawa bapa kama mkate wa maji, lakini nimeila yote peke yangu, wala sikumkaribisha mtu.

Sasa nije kwenye jambo lako, maana najua umekaa unangoja jibu. Umeniomba mambo mawili. Kwanza, nitie saini yangu ili nyumba yetu ya Mkunazini huko Unguja wapangishwe Wamarekani waigeuze nyumba ya wageni. Pili, nirudi. Chumba cha juu, kile alichofia baba, watakijenga upya kwa ajili yangu, na tikiti wataitoa wao. Kazi yangu itakuwa kukaa barazani jioni na kanzu na koti, kuwapokea wageni, na kuwasimulia historia. Umeniandikia: "Kaka, ni maneno tu. Utayasema, kisha utakuwa kwenu." Sentensi hiyo nimeirudia mpaka naijua kwa moyo. Hakuna mtu aliyewahi kunifungulia mlango kwa maneno machache hivyo.

Lakini nataka uyajue maneno yenyewe, na wenye maneno hayo. Ussi hakukueleza, na nadhani hata yeye hakuuliza.

Huyu Bwana Tom, anayewawakilisha hao Wamarekani, alikuja Guangzhou mwezi wa Agosti. Jina lake kamili ni Tom van Drimmelen. Alitaka mkalimani wa Kiingereza na Kichina, hoteli yake ikauliza chuoni, chuo kikampa jina langu. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, sauti ya chini. Alivua viatu mlangoni pangu bila kuambiwa. Kila anachokifanya huomba ruhusa kwanza: naomba nikae, naomba nipige picha, naomba nikuulize. Mtu wa namna hii huwezi kumchukia siku ya kwanza, na mimi sikumchukia. Ussi, aliyekuwa huku kwa biashara yake ya jinzi, nilimchukua mimi mwenyewe, awe anatusaidia kubeba vitu, na kwa ujuzi wake wa makontena akapewa kazi ya kusafirisha mzigo kupitia bandari ya Huangpu; ndipo habari za nyumba yetu zilipomfikia Tom.

Mzigo wenyewe ni sahani. Ukoo wa Van Drimmelen unatayarisha sherehe kubwa ya kuadhimisha miaka tangu babu yao wa kwanza apewe ardhi huko Amerika, na kila mgeni atapewa sahani ya kauri yenye nembo ya ukoo. Wamekuja kuzitengeneza hapa kwa sababu za kwanza zilitengenezwa hapa hapa, miaka mia mbili iliyopita, meli za Kiamerika zilipoanza kufika. Kauri nyeupe zilitoka bara ya Uchina, zikachorwa hapa ng'ambo ya mto, na karakana za namna hiyo bado zipo.

Tom alinipa na kitabu, ili nitafsiri maelezo ya nembo kwa usahihi. Ni historia ya ukoo, juzuu mbili, waliichapisha wenyewe mwanzoni mwa karne hii. Hakuna kilichofichwa ndani yake, Kazija, na hilo ndilo lililonichafua roho. Nimezoea vitabu vya waongo, nimevihariri vingi katika maisha yangu ya ofisini Beijing, wewe hujui ni vingi kiasi gani. Hiki si cha mwongo. Ni cha mtu anayesema kila kitu na haoni kwamba amesema kitu.

Babu yao wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa huko Uholanzi. Hakuwahi kuvuka bahari. Kampuni ya Waholanzi ilimgawia ukingo wa mto katika ramani, na yeye akampeleka mtoto wa ndugu yake akakae huko kwa niaba yake. Wenyeji wa pale walipewa vitambaa, masufuria, mashoka na shanga, wakaweka alama zao kwenye karatasi. Kitabu kinasema bei ilikuwa ya haki. Ukurasa unaofuata kinasema kwamba mwaka wa pili wale wenyeji walirudi mtoni kuvua samaki kama walivyozoea, wakafukuzwa kwa bunduki, na mwandishi anashangaa jinsi walivyokosa shukurani.

Ardhi wakawapangisha Wazungu maskini. Kodi ilikuwa ngano, kuku wanne walionona kila mwaka, na siku za kazi za bure kwa gari na farasi wa mpangaji mwenyewe. Aliyesafisha msitu hakuwa na chake. Akitaka kuhama, bwana anachukua sehemu ya jasho lake. Walikaa hivyo kizazi kwa kizazi, na kitabu kinawaita familia moja kubwa.

Waingereza walipokuja na manowari kuunyakua mji wa Waholanzi wa pale, bwana wa ukoo huu alikula kiapo kwa mfalme wao kabla baruti za Kampuni hazijahamishwa ghalani. Akaongezewa ardhi. Amerika ilipopigana na Waingereza, ndugu wawili wa ukoo wakagawana: mmoja upande huu, mmoja upande ule. Yule wa upande ulioshinda akachukua shamba la mwenzake, na kitabu kinaliita jambo hili busara ya nyumba. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikaenda kunawa mikono. Nilikuwa sijagusa kitu kichafu, ila mikono ilitaka maji.

Na sasa nakuja kwenye habari inayotuhusu sisi. Miaka ya mwisho ya karne ya kumi na saba walituma meli Madagaska. Iliondoka na baruti na pombe kali, ikarudi na watu. Baruti imeandikwa kwa ratili, pombe kwa mapipa, watu kwa idadi tu, ya waliopakiwa na ya waliofika, na tofauti ya idadi hizo mbili imeandikwa kwenye safu ya hasara, pamoja na kamba zilizooza. Kati yao wote, niliyemkuta na jina ni mmoja. Yumo katika wasia. Bwana wa nyumba anamwachia binti yake kitanda cha manyoya, birika la fedha, "na mwanamke Susanna, pamoja na wote watakaozaliwa naye." Huyo Susanna kwao aliitwaje, kitabu hakina habari. Birika, kinaeleza fundi aliyelifua ni nani na liko makumbusho gani leo.

Sheria ya jimbo lao ilipowalazimisha kuwaacha huru watumwa wao, kitabu kinasema ukoo uliwaachia kwa ukarimu. Halafu, katika tanbihi ya herufi ndogo, kinataja kwamba vijana wenye nguvu walikuwa wameshauzwa kusini mwaka mmoja kabla. Mwandishi ameitia ile tanbihi kwa sababu anapenda usahihi. Mimi pia napenda usahihi, na sikujua kwamba unaweza kutumiwa hivyo.

Nembo yao waliichagua baada ya safari ile ya Madagaska. Ni kichwa cha mtu mweusi, kimekatwa shingoni, kimefungwa kitambaa cheupe kwenye paji la uso. Kitabu kinasema ni kumbukumbu ya urafiki wao na watu wa pwani ya mashariki ya Afrika.

Kichwa hicho, Kazija, ndicho kilichomo katikati ya sahani. Unakula supu, unapunguza, unapunguza, na ukifika chini kinakutazama.

Ama siku ile ya karakana nakueleza yote, kwa sababu mwanao alikuwepo na utasikia kwake kwa namna nyingine.

Mchoraji anaitwa Fundi Liang. Ni mzee mwenzangu, mkali, anavuta sigara nyingi. Tom alimletea sahani ya asili, ameifunga kwa taulo kama mtoto mchanga. Liang akaifungua, akaisogeza dirishani, akacheka kidogo. Ukingo wa dhahabu upo. Kitambaa cha kichwani kipo, na sikio moja. Lakini uso haupo. Miaka mia mbili ya visu na uma imeukwangua, umebaki mikwaruzo juu ya weupe.

Akaniambia, "Mwalimu, mwambie laoban wako, huyo bosi, kwamba uso wameshautafuna. Mimi sichori uso ambao haupo. Aniletee uso."

Nikatafsiri. Tom akaona haya kidogo, akasema picha nzuri ya nembo hawana, zote zimenakiliwa kutoka kwenye sahani hizi hizi. Kisha akamtazama Ussi. Aliinua nyusi tu, kama anayeomba ruhusa.

Na Ussi akasema, "Mjomba, mwambie nipo mimi. Kuna tatizo gani?"

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Ussi, unajua ile ni nini?"

"Kichwa."

"Cha nani?"

"Sasa mjomba, kama wenyewe hawajui cha nani, mimi nitajulia wapi?" Akacheka, akavuta kigoda akakaa. "Nikipendeza nitamtumia mama moja aitundike."

Wakamfunga paji la uso kwa kitambaa cha kufutia brashi. Liang akamgeuza kidevu kwa vidole viwili, akaanza kazi. Namheshimu yule mzee. Alichora kwa brashi ya nywele chache, hakuinua macho, na kabla chai yangu haijapoa nikamwona mwanao mle ndani ya sahani. Ussi mwenyewe kabisa: lile kovu la nyusi alilolipata alipoanguka ngazini kwetu, ile namna yake ya kubana midomo asicheke. Liang akaweka brashi chini, akanionyesha mimi kwanza. Alijua amefanya kitu kizuri.

Tom aliiangalia muda mrefu. Alisifu kazi, akamshukuru Liang, akamshukuru Ussi. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba kuna tatizo dogo. Huyu, alisema, anafanana mno na mtu fulani. Nembo haitakiwi ifanane na mtu fulani. Je, fundi anaweza kuongeza midomo iwe minene, na macho yawe makubwa, na labda hereni ya dhahabu sikioni? Na hilo kovu litolewe.

Aliniangalia mimi nitafsiri. Sikutafsiri. Nilikuwa nimekunja mikono na sikuikunjua.

Basi mwanao, Kazija, ambaye Kichina chake ni cha sokoni, cha bei na rangi na saizi, akamgeukia Fundi Liang. Akagusa midomo yake mwenyewe kwa kidole, akasema, "Hii, kubwa zaidi." Akagusa macho. "Hii pia, kubwa." Akagusa kovu. "Hii, hapana, hatutaki." Kwa sauti ile ile anayoagizia suruali kule Xintang.

Liang alimtazama yeye, akanitazama mimi, akachukua kitambaa chenye mafuta akamfuta Ussi kutoka kwenye sahani. Akachora kile walichotaka. Hakikumchukua muda, kichwa cha namna ile hakihitaji mtu kukaa mbele yako.

Kutoka hapo tukaenda kwenye mgahawa wa Waislamu ambako wafanyabiashara wetu hula mchana. Alikuwepo Athanase, Mkongo wa Lubumbashi, ananunua mashati Barabara ya Zhanqian. Ni mtu wa mizaha, na Ussi kwa ujinga wake alimsimulia kisa chote akitaraji wacheke pamoja. Athanase alimsikiliza mpaka mwisho, akaacha tambi zake.

"Eee, yaya," akamwambia; kwao ndiyo kaka. "Sasa muntu anakula supu yake, anafika chini, anakukuta weye umetoa macho?"

"Biashara hiyo, Athanase."

"Mi sikatae biashara. Naulizia tu. Wakimaliza kula, wanakuosha na sabuni ama wanakulamba?"

Meza nzima ilicheka, na Ussi akacheka nao, lakini shingo yake ilikuwa imekakamaa. Nilifurahi kuiona shingo ile. Ndiyo kitu pekee kilichonifurahisha siku ile.

Tulipobaki wawili alinigeukia. "Mjomba, ile si mimi. Umeona mwenyewe wamenifuta. Sasa kuna ubaya gani?" Nikamwambia huo ndio ubaya. Akasema, "Wewe umesoma mpaka vitabu vimekuziba macho. Mama analala chini ya turubai. Ukuta wa upande wa Bi Rozina umetoka tumbo. Wewe unaniletea habari za Susanna. Susanna atatuezekea?"

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu katika hayo ana haki. Sitaki udhani simwoni. Najua dari iliangukia chumba cha baba kwenye mvua za masika. Najua unalala ukumbini kwa sababu ngazi haziaminiki. Sikuwahi kukutumia cha kutosha kujenga hata ukuta mmoja, na pensheni ya hapa haivuki mpaka. Tom naye hana ubaya na wewe. Atakujengea kweli, na atakujengea vizuri, watu wale wanajua kutunza nyumba.

Sasa yasikilize maneno ninayotakiwa kuyasema. Yameandikwa kwa Kiingereza, Tom alinipa niyaweke katika Kiswahili kizuri. Nitakaa barazani na nitasema kwamba meli ya ukoo wa Van Drimmelen ilitia nanga Unguja; kwamba mababu zetu waliwapokea mabaharia kwa tende na madafu; kwamba urafiki ulizaliwa siku ile kati ya nyumba yao na nyumba yetu, na ndio huo unaofufuliwa leo. Juu ya mlango, badala ya ile aya ya Kurani iliyochongwa na baba wa babu yetu, ambayo itahamishiwa ndani "kwa usalama wake", kitawekwa kile kichwa. Cha shaba.

Nilitazama kwenye kitabu. Kweli, baada ya Madagaska meli ilikwenda kaskazini kutafuta maji, ikafika kisiwa cha Waislamu wakapokewa kwa adabu. Kisiwa hakikutajwa jina, ila nahodha aliandika latitudo yake: digrii kumi na mbili kusini. Unguja ipo digrii sita. Kumi na mbili ni Komoro, Ngazija na jamaa zake. Nilimwonyesha Tom kwenye ramani, kwa kidole. Alifikiri, akasema kwa upole kwamba ni karibu vya kutosha, na kwamba wageni hawaji na ramani.

Karibu vya kutosha. Nimekuwa mbali na nyumbani nusu ya umri wangu, nikihesabu digrii, na mtu ananiambia hivyo huku amekalia kiti changu.

Nami si mtoto wa kudhani pwani yetu ilikuwa safi. Wale watu hawakuokotwa ufukoni. Kuna waliowauza, na wengi wa waliouza walikuwa wanaswali tano kama sisi. Nyumba yetu yenyewe, kuta zile nene tunazojivunia, unajua na mimi najua waliozibebea mawe hawakuulizwa kama wanataka. Bibi alitwambia, na alitwambia bila kupunguza sauti. Ndiyo maana siwezi kuvaa kanzu safi na kusema tulikuwa marafiki. Marafiki ni muuzaji na mnunuzi. Kwenye baraza yetu anayekosekana ni yule aliyeuzwa, na mimi nitalipwa kukaa kwenye nafasi yake niseme kwamba ameridhika.

Wewe unasema ni maneno tu. Mdogo wangu, mimi sina kingine. Sina mtoto, mke amekwenda, hata pasi yangu ya kusafiria iliisha muda zamani sana na sikujua niihuishe kwa nani. Niliajiriwa kwa ajili ya maneno, na kwa miaka mingi niliweka katika Kiswahili kizuri mambo ambayo hayakuwa mazuri, kwa sababu nilikuwa na bosi na kulikuwa na zamu. Nilijua ipo siku nitaomba kurudi, na nilijua sina cha kurudi nacho isipokuwa kuweza kuwatazama watu wa mtaani kwetu usoni. Wanataka nikitoe hicho ndipo waniruhusu niingie.

Nisingependa nyumba itolewe kwa sababu ya hamu yangu ya kurudi, wala nisingependa nikuzuie paa kwa kiburi changu. Kwa hiyo nimefanya hivi. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nimeandika hiba mbele ya imamu. Sehemu yangu yote ya nyumba nimekupa wewe, Kazija binti Ussi, tangu siku ile, bila masharti na bila marejeo. Shahidi mmoja ni Haroun wa Kariakoo, anayenunua viatu hapa, wa pili ni imamu mwenyewe. Karatasi umeletewa pamoja na barua hii. Nimempa Haroun aibebe. Ussi sikumpa, ili isije ikasemwa kwamba aliifungua njiani.

Sasa saini yangu haihitajiki tena. Ukitaka kuwapangishia, wapangishie. Ukitaka kukubali paa na kukataa kichwa, waambie hivyo. Jaribu, huenda wakakubali, watu wenye adabu nyingi huogopa kukataliwa na mama mtu mzima. Ukikubali vyote, sitakulaumu, na sitaacha kukuandikia. Ninachokuomba ni kwamba uamue ukiwa unajua, na uamue wewe, si mwanao.

Yale maneno ya Kiswahili kizuri sikuyaandika. Nilimrudishia Tom karatasi zake na kitabu chake. Alisikitika kweli. Aliniuliza kama kuna kitu amekosea, na nilipomwambia, alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema atalifikisha kwa kamati ya ukoo. Mlangoni akaomba ruhusa kunipiga picha. Sikumpa.

Ussi usimgombe. Amekuwa hapiti kwangu, lakini Jumatano alituma mtu aniletee machungwa. Sahani zake zinapakiwa Huangpu wiki ijayo. Niliambiwa alikataa ile moja aliyopewa zawadi.

Nisalimie Swalha, na Dalila umpe busu la mkono wa kushoto. Nisalimie Bi Rozina, mwambie ukuta wake si wetu peke yetu, naye atie mkono. Wasalimie wote wa msikitini wanaonikumbuka, na waliokwisha kuondoka ukiwazuru makaburini uwasomee na kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu akuhifadhi mvua zikinyesha na jua likiwaka, akupe goti jepesi na usingizi wa amani, na akuongoze katika hili.

Usikitayarishe chumba. Usiwaambie watu kwamba ninakuja, na waliokwisha kuambiwa uwaambie nimekukatalia mimi. Sitarudi.

Ndimi kaka yako, ninayekupenda nikiwa huku huku,

Abdulhadi